Paa la Mapadri Uani Kwangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Devotha wangu kapewa jengo! Jengo zima, jina lake kwenye ramani! Haya sasa, habari za siku nyingi, daftari. Sijakushika tangu Pasaka. Nilikuwa sina cha kuandika. Leo ninacho.

Ni maktaba ya watoto, hapa hapa Bigwa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni mzee Castory, mwalimu mstaafu, mtu asiyecheka hata kwenye harusi. Kamchagua mwanangu, kawaacha wanaume wanne walioomba kazi hiyo hiyo. Devotha ni msanifu majengo. Mimi nikiulizwa nasema injinia, watu wanaelewa haraka. Mwenyewe niliishia darasa la saba, cheti ninacho, kwa hiyo akili hakuiokota njiani.

Kitu kimoja tu kinaniwasha. Mbao! Saa nane Fuso limeingia uani na mbao arobaini na nane. Nyeusi tii. Masizi, utando wa buibui, mavi ya popo. Ni paa la ile nyumba ya zamani ya mapadri kule Luhangala, mlimani kwetu, iliyojengwa enzi za Mjerumani. Kuta zilishapasuka, ikabidi ibomolewe, ila paa likashushwa kipande kwa kipande. Sasa ndilo litakuwa paa la maktaba.

Nikamuuliza, mwanangu, umekaa chuo miaka mitano ili uje ujenge kwa mbao za mtumba? Akacheka. Akasema huo ni mninga wenye miaka zaidi ya mia, umekauka mpaka moyoni, mchwa akiung'ata anavunjika meno. Akasema paa zima litasimama na hakuna mti hata mmoja utakaoangushwa, na msitu wa kule juu ndio unaotuletea maji ya bomba, nilidhani yanatoka wapi? Anaongea vizuri, mtoto yule. Kanirithi.

Paa lenyewe halina misumari. Kila mbao ina ulimi unaoingia kwenye tundu la mwenzake, na kila ulimi ulichongewa tundu lake, kwingine hauingii. Kwa hiyo yeye na fundi wake Lukasi wameziandika namba kwa chaki kabla ya kuzishusha, ili zirudi vile vile.

Jumamosi saa tatu asubuhi kamati inakuja hapa uani. Wanataka waone kenchi moja, yaani kiunzi kimoja cha kubeba paa, imeungwa na imesimama, maana wapo wasioamini. Ikisimama, Devotha anaendelea. Isiposimama, kazi anapewa Jastin, mtoto wa jirani yangu, mwenye duka la mbao mpya za paini.

Devotha kaondoka na treni ya jioni kwenda Dodoma kugongesha mihuri ya michoro. Anarudi Ijumaa na vibati vya namba, avipigilie badala ya chaki. Kaniambia mara tatu: Mama, usiguse. Turubai lisifunuliwe. Naandika hapa nisisahau. USIGUSE.

Jumanne, 15 Julai

Sijagusa. Mpaka saa sita mchana.

Halafu Mama Jastin kachungulia juu ya ua. Eti, Mama Devotha, hizo kuni umeletewa za msiba wa nani? Kuni! Nikamwambia huo ni mninga wa Mjerumani, kijana wake hatauuza hata akizeeka dukani. Akasema sawa, ila Jumamosi kamati ikikataa nimgawie kidogo, ana maharage hayataki kuiva.

Mdomo ukanitoka. Nikamwambia kesho jumuiya ya kanisa inasali kwangu, aje mapema akae mbele, ataona.

Nikafunua turubai nione ataona nini. (Kufunua siyo kugusa.) Jamani! Aibu. Wale akina mama wote, na mimi uani kwangu kuna kitu kama jivu la jehanamu. Mtu ana mtoto injinia halafu mbao zake zina mavi ya popo?

Nikachukua ndoo. Nikachukua sabuni ya unga, pakiti mbili, na brashi mpya ya sakafu. Nimesugua kuanzia saa saba mpaka jua linazama, ndoo kumi na saba, mgongo sina. Lakini ukiona! Chini ya ule weusi kuna rangi ya asali iliyoungua, mistari imepangana utafikiri kitenge. Nimezipangusa moja moja kwa khanga yangu kuukuu. Zinang'aa, zote arobaini na nane, mbele na nyuma.

Devotha akirudi atalia kwa furaha.

Jumatano, 16 Julai

Jumuiya imejaa mpaka barazani. Sala tumesali, wimbo tumeimba, lakini macho yote yalikuwa uani. Baada ya amina ya mwisho nikavuta turubai kama pazia la bi harusi. Wakaguna wote! Severin, katibu wetu, kapapasa mbao moja kasema huu si ubao, hii ni samani ya ikulu. Mama Jastin kanywa chai yake kimya, kikombe kizima, bila kusema neno. Sijawahi kuonja chai tamu namna ile na hata sikuwa nakunywa mimi.

Hayo yalikuwa saa kumi. Saa kumi na moja kaja Lukasi kuangalia kama turubai halivuji.

Kasimama. Kazunguka lundo mara ya kwanza. Kazunguka tena, ameinama. Kaniuliza kwa upole, Mama Devotha, namba ziko wapi?

Nikasema namba zipi.

Hapo hapo nikakumbuka.

Chaki, daftari! Nimeosha chaki!

Lukasi kakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Kasema michoro ipo, lakini mchoro unasema ishirini na tatu iungane na ishirini na nne, sasa ishirini na tatu ni ipi? Kasema zote zinafanana kwa macho na hakuna mbili zinazofanana kwa kuunga. Kajaribu kukumbuka. Kakumbuka mbili. Mbili kati ya arobaini na nane!

Akatoa simu ampigie Devotha. Nikamshika mkono. Nikamwambia mwanangu Lukasi, mimi ni mama yako pia, nipe mpaka Ijumaa, usimtie mwenzako presha akiwa ugenini. Akanitazama sana. Akaweka simu mfukoni. Kasema yeye atanyamaza, lakini hataongopa akiulizwa.

Siku mbili na nusu. Sijala.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeamka na akili! Nani kasema namba ni za Devotha peke yake? Mimi sijui kuhesabu? Arobaini na nane nahesabu hata nikiwa na homa.

Nimetafuta daftari lake la darasa la tatu, nalitunza sandukuni, nikaiga mwandiko. Mbao ndefu nikazipa namba ndogo, fupi nikazipa namba kubwa. Mantiki. Saa tano nimemaliza, chaki tatu, imependeza kuliko mwanzo. Nikampigia Lukasi, nikamwambia namba zimepatikana.

Kaja na wenzake wawili. Hakuuliza zimepatikana wapi, kavuta pumzi tu. Wakachukua saba na nane. Ulimi ukaingia nusu, ukagoma. Nikamwambia gonga, mbao zimelala muda mrefu, zinahitaji kuamshwa. Kasema Mama Devotha, hapana. Nikasema gonga! Kagonga mara moja, kidogo tu.

Kraa!

Ufa wa urefu wa kidole mdomoni mwa tundu. Mbao imekaa miaka mia na zaidi, mvua zote za Uluguru zimepita juu yake, imekuja kupasuka mbele yangu.

Lukasi kaweka nyundo chini kama mtu anayelaza mtoto. Kasema leo hagongi tena. Na juu ya ua, nani? Mama Jastin, amekaa kwenye stuli kabisa! Eti, pole na kazi ya kupasua kuni, jirani.

Jioni Devotha kapiga. Mama, mbao salama? Salama. Mvua haijanyesha? Hakuna. Nipige picha basi mama, nimezikumbuka. Nikasema simu haina chaji. Akasema mama, si ndiyo unayoongelea? Nikasema ndiyo, chaji ya kuongea ipo, ya picha ndiyo haipo. Akasema kamati imempigia, mzee Castory anakuja na wajumbe wote saba. Akasema, mama, nina hofu kidogo, niombee.

Niombee, kasema.

Nimekata simu nimekaa na lile daftari lake la darasa la tatu mapajani.

Ijumaa, 18 Julai

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wa upande huo ni mjomba. Kwa hiyo ukiharibu sana unajua pa kwenda. Hupendi, lakini unajua.

Nimepanda bodaboda alfajiri kwenda Luhangala kwa mjomba Thobias. Alikuwa mpishi wa mapadri nyumba ile ile miaka thelathini. Nikasema akikumbuka paa lilivyokaa, nimepona. Baridi, ukungu, kona mpaka kichefuchefu. Nimemkuta kwenye matuta yake ya kabichi na blanketi begani. Shikamoo mjomba. Marahaba. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope.

Kanisema kwa Kiluguru, na Kiluguru kikiamua kusema kinasema. Eti ukoo hauna habari zangu tangu Krismasi, leo natokea na kilo ya sukari, nimevunja nini? Mkitengeneza hamtuoni, mkiharibu ndipo mnakumbuka njia! Nikamweleza yote. Hata brashi. Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpige mgongoni.

Nikamuuliza anakumbuka paa? Akasema yeye alikuwa anatazama sufuria, hakuwa anatazama juu.

Halafu akaniuliza yeye. Walioliunga paa lile mara ya kwanza, chaki walitoa wapi? Nikasema sijui. Akasema hawakuwa nayo. Mbao zilichongwa chini, zikapandishwa na watu ambao wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo fundi mkuu alikata alama kwa patasi ubavuni mwa kila ulimi, na alama ile ile mdomoni mwa tundu lake. Moja, mkato mmoja. Mbili, mikato miwili. Tano kama pembe za mbuzi. Kumi, msalaba. Aliziona kwa macho yake ujanani, siku walipobadilisha boriti iliyopigwa na radi. Miaka iliyofuata zikafukiwa na masizi ya jiko lake mwenyewe, ndiyo maana waliobomoa hawakuziona.

Masizi! Nikasimama ghafla. Masizi si nimeyatoa? Na wakati nasugua niliona mikwaruzo, nikadhani panya!

Nimemshukuru nikiwa tayari nimepanda pikipiki. Tukapata pancha kona ya tatu. Tumekaa masaa mawili. Nilitamani kusukuma mlima wenyewe.

Nimefika saa kumi na mbili jioni. Nimechelewa. Devotha kishafika, kakaa juu ya mbao, begi bado mgongoni, mkono juu ya ule ufa. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejitetea, kujitetea ninajua. Kasema tu, mama, huu si mwandiko wangu, saba yangu mimi haina kofia.

Nikaanza kusema mjomba, patasi, pembe za mbuzi. Hakunisikiliza. Kasema kwa sauti ndogo kwamba alisimama mbele ya watu wanane, mwanamke peke yake, akawaambia vitu vya zamani vinaweza kuaminiwa. Kesho saa tatu atasimama awaambie ameshindwa, na hatasema ni mama yake. Akaingia ndani. Ugali kauacha. Nimemweleza habari ya alama kupitia mlangoni, mara mbili. Hakufungua.

Hatasema ni mama yake. Afadhali angesema.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka kunapambazuka, kitanda chake kitupu. Nimetoka nje mbio bila kandambili.

Yupo uani. Kapiga magoti, kidole ndani ya tundu, midomo inahesabu. Kaniita bila kugeuka. Mama, njoo, hapa unaona ngapi? Nikainama. Msalaba, na mikato miwili. Nikasema kumi na mbili. Akasema tafuta ulimi wa kumi na mbili. Nikautafuta! Nikautafuta kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Ukapatikana chini kabisa ya lundo. Tukaunyanyua wawili, mama na mwana, ukaingia kama mkono kwenye mkono wa shati. Hata nyundo hatukugusa.

Devotha kakaa chini. Sasa ndiyo akalia. Dakika moja tu. Halafu akampigia Lukasi.

Saa mbili na nusu tumeunga mbao sita za kenchi ya kwanza. Imebaki mbao mbili. Saa tatu kasoro tano kaingia mzee Castory na wajumbe saba. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Mama Jastin yupo nyuma yao na Jastin wake, tepu ya kupimia kiunoni, tayari kabisa, utafikiri daktari.

Mbao ya saba ikaingia. Ya nane ndiyo ile yenye ufa.

Lukasi na Devotha wakaufunga ufa kwa kamba. Wakauingiza ulimi. Ukafika nusu, ukasimama. Mzee Castory katazama saa yake. Nilisikia Mama Jastin anavuta pumzi kwa pua. Devotha akasema nyundo ya mti, na kila mtu arudi nyuma. Nikarudi nyuma mpaka nikaingia kwenye banda la kuku. Akagonga. Bado. Akagonga. Bado. Akaweka sikio juu ya mbao, sijui alisikia nini, akazungusha kidogo upande wa kushoto, akagonga mara ya tatu.

Tup.

Wanaume sita wakaisimamisha. Jamani, kenchi! Kubwa, nyekundu, imetanua mabega juu ya banda langu la kuku! Mzee Castory kaisukuma kwa mikono miwili. Kaisukuma kwa bega. Kamwambia Lukasi aning'inie, Lukasi kaning'inia kama popo. Haikulia hata kidogo.

Mzee akauliza, aliambiwa na mtu kwamba namba zimefutika, sasa wameungaje? (Mtu! Namjua mtu.) Devotha akanitazama. Nikatazama kuku. Akasema waliochonga waliandika wenyewe, akamwonyesha alama moja moja kwa kidole. Mzee kavaa miwani. Kakaa nazo muda mrefu. Akauliza nani aliyezisafisha mpaka zikaonekana?

Devotha akasema, mama.

Mzee Castory akatikisa kichwa, akasema bila mama yenu alama hizi zisingeonekana, hongera sana mama, endeleeni na kazi. Na akacheka! Meno yote! Jastin kafungua tepu yake kaifunga, kaenda zake. Mama Jastin kasema kaacha maharage jikoni.

Bila mama yenu! Nimeandika kama alivyosema.

Mchana Devotha kanikalisha. Kaniapisha mambo mawili. La kwanza, sigusi mbao. La pili, sitangazi chochote kuhusu jengo hili mpaka yeye aseme, maana yote yalianza na mdomo wangu na Mama Jastin. Nimeapa. Mkono juu. Nimemwelewa kabisa mwanangu, nilimtia kwenye hatari kubwa, sirudii.

Jumapili, 20 Julai

Sijagusa mbao hata moja. Hilo nimelishika.

Devotha kabaki amelala, kachoka, nimemwacha. Misa ya kwanza nimekwenda peke yangu. Baada ya misa watu wamenizunguka nje ya kanisa kama mwenye sikukuu. Hongera Mama Devotha, hongera mama wa alama. Severin kataka nimsimulie upya, nimesimulia. Sehemu ya ufa nimeipunguza kidogo, ilikuwa inachelewesha hadithi.

Na nani akapita? Mama Jastin. Eti, hongera jirani, kenchi moja tumeiona, sasa jengo tutaliona lini, au mbao zitalala uani kwako mpaka kiama?

Ningefanyaje? Watu wote wananitazama. Ningesema sijui? Mama wa injinia aseme hajui?

Nikasema Jumamosi tarehe tisa Agosti, siku moja baada ya Nanenane. Uzinduzi. Na wali utakuwepo.

Severin kaandika palepale. Kumbe kapeleka kwa msoma matangazo, misa ya pili tangazo limesomwa kanisa zima. Mjomba Thobias keshapiga simu, habari imemfikia mlimani kabla sijafika nyumbani. Anakuja na ukoo, watu thelathini na tano, kabichi watabeba wenyewe.

Msingi haujachimbwa, najua. Devotha juzi alisema mambo ya Oktoba. Lakini siku ishirini ni siku nyingi, daftari! Kenchi moja tumeiunga asubuhi moja. Zimebaki tano tu, na kuta.

Devotha kaamka sasa hivi, anauliza kwa nini simu yake inaita tangu saa nne. Nimemwambia ale kwanza.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti, saa nne kamili asubuhi. Wote wanakuja.